Kodi nne tu? Jibu kwa mpiga kinanda aliyeuliza kuhusu Abdullah Ibrahim

Swali: "Mimi hupiga kinanda katika kwaya ya kanisa. Rafiki yangu alinipa wimbo unaoitwa 'Mannenberg' wa Abdullah Ibrahim wa Afrika Kusini, akaniambia huyu ni mmoja wa wapiga piano wakubwa wa jazi waliopata kutoka Afrika. Nimeusikiliza mara tatu. Ni kodi nne, yaani mafungu manne ya nota zinazopigwa pamoja, zinazozunguka kwa dakika kumi na tatu, na kodi hizo hizo mimi nazipiga kila Jumapili. Naomba nielezwe bila kuzungushwa: ukubwa wake uko wapi? Na huyu Dollar Brand ninayemwona kwenye baadhi ya rekodi ni nani?"

Jibu:

Ndugu yangu mpiga kinanda, masikio yako hayana kasoro. Ni kodi nne. Kwa sol-fa ya kwaya yako: kodi ya do, kisha ya fa, kisha do tena lakini safari hii besi imekaa kwenye so, halafu kodi ya so yenyewe, na mzunguko unaanza upya. Hakuna kodi ya tano iliyofichwa ambayo sisi wataalamu tunaisikia na wewe huisikii. Kwa hiyo sitakuambia urudi ukasikilize mara ya nne kwa makini zaidi. Nitakueleza kodi hizo zilitoka wapi, nani alizichagua, na alikuwa na nini kingine mkononi siku alipoamua kwamba hizo nne zinatosha.

Zilitoka kanisani, kama zako. Adolph Johannes Brand alizaliwa Cape Town tarehe 9 Oktoba 1934, katika familia ambayo bibi na mama yake walipiga piano kanisani. Alianza kujifunza piano akiwa na miaka saba. Kanisa lao lilikuwa African Methodist Episcopal, lililoanzishwa na Wamarekani weusi mwaka 1816 na kufika Afrika Kusini mwishoni mwa karne ya 19. Jambo hili hupitwa haraka na wengi wanaosimulia maisha yake, nami naliona la msingi. Maana yake ni kwamba mtoto huyu alikuwa amezoea namna ya Wamarekani weusi ya kuimba nyimbo za dini kabla hajasikia santuri hata moja ya jazi. Jazi ilipomfikia haikuwa mgeni mlangoni. Ilikuwa binamu aliyekulia ng'ambo.

Na Cape Town ni bandari. Mabaharia na wanajeshi wa Kimarekani walipita na santuri zao, kijana akawa anazinunua kwao, na inasemekana dola alizokuwa akitembea nazo kwa kazi hiyo ndizo zilizompa jina la Dollar. Basi hilo la pili limejibiwa: Dollar Brand na Abdullah Ibrahim ni mtu mmoja. Alisilimu mwaka 1968 akachukua jina la Abdullah Ibrahim, ila kampuni za kurekodi ziliendelea kuandika jina la zamani kwenye majalada kwa miaka mingi kwa sababu wanunuzi walilizoea. Ukikutana na santuri ya miaka ya 1970 yenye jina la Dollar Brand, ni yeye.

Mji wenyewe ulikuwa na mengine ya kumpa. Huko Rasi, yaani eneo la Cape, waliletwa watumwa kutoka visiwa vya Indonesia, India, Madagascar na pwani ya Msumbiji, na wajukuu wao ndio wanaopita mitaani kila Mwaka Mpya na ngoma ya ghoema, wamevaa nguo za rangi, wakicheza mdundo ambao ukishausikia mara moja utautambua katika nusu ya nyimbo za Ibrahim. Kulikuwa na misikiti ya zamani na adhana zake. Kulikuwa na bendi za dansi, na yeye alianza kulipwa kwa kupiga kwenye bendi hizo mwaka 1949, akiwa na miaka 15.

Halafu kulikuwa na marabi, na hapa ndipo kodi zako nne zilipo. Marabi ni muziki uliokua katika makazi duni ya Johannesburg miaka ya 1920 na 1930, kwenye nyumba zilizouza pombe kinyume cha sheria. Chombo kikuu kilikuwa kinanda, mara nyingi kile cha kukanyaga kwa miguu ambacho ni ndugu wa kinanda cha kanisani, na pembeni mtu akitikisa kopo lenye kokoto. Hakuna aliyeandika nota. Mpigaji alishika mzunguko mmoja wa kodi na kuuzungusha usiku kucha, kwa sababu wachezaji hawakutaka uishe. Wengi wa wapigaji hao walizijua kodi hizo kutoka kwenye nyimbo za dini. Jumamosi usiku na Jumapili asubuhi mkono ulikuwa unashika pale pale, uzito tu ndio uliotofautiana.

Sasa wasiwasi wako wa kweli, ingawa umeuuliza kwa upole: je, alipiga kodi nne kwa sababu ndizo alizoziweza?

Mwaka 1959 aliungana na Hugh Masekela kwenye tarumbeta, Jonas Gwangwa kwenye tromboni na Kippie Moeketsi kwenye saksafoni, wakaunda bendi ya Jazz Epistles. Santuri yao ya mwaka 1960 inahesabiwa kuwa albamu ya kwanza ya jazi kurekodiwa na wanamuziki weusi wa Afrika Kusini. Huo si muziki wa kodi nne. Ni bibopu, ule mtindo wa New York wenye kodi zinazobadilika kila baada ya mapigo mawili na mafungu ya nota yanayokimbia. Bendi haikudumu. Tarehe 21 Machi 1960 polisi waliwaua watu 69 pale Sharpeville, serikali ikatangaza hali ya hatari, na maisha ya mwanamuziki mweusi, ambayo tayari yalikuwa ya vibali na marufuku, yakawa hayawezekani. Masekela na Gwangwa waliondoka. Mwaka 1962 Brand naye akaenda Uswisi, pamoja na mwimbaji Sathima Bea Benjamin, aliyekuja kuwa mke wake.

Jina hilo la Sathima naomba ulishike. Husimuliwa kana kwamba Duke Ellington, mpiga piano na kiongozi mashuhuri wa okestra ya jazi wa Marekani, aliingia kwa bahati katika klabu moja ya Zürich mwaka 1963 akakuta kijana wa Kiafrika anapiga vizuri. Haikuwa bahati. Sathima alimfuata Ellington alikokuwa anafanya onyesho, akamsihi aje kumsikiliza mwenzake na watu wake wawili, Johnny Gertze kwenye besi na Makaya Ntshoko kwenye dramu. Ellington alikuja. Muda mfupi baadaye walikuwa Paris wanarekodi, na albamu ikatoka na jina la Ellington mwenyewe juu yake kama mdhamini. Sathima naye alirekodi katika siku hizo hizo, na rekodi yake ikakaa bila kutolewa zaidi ya miaka 30, hadi miaka ya 1990. Naliona hilo ni deni ambalo historia ya jazi bado haijamaliza kumlipa.

Itafute albamu ile ya Paris. Ndani yake kuna "Brilliant Corners" ya mpiga piano wa Kimarekani Thelonious Monk, wimbo wenye kona za ghafla na mwendo unaobadilika, ambao uliwatoa jasho hata wenzake Monk waliokwenda kuurekodi naye New York mwaka 1956. Brand anaupiga kama mtu anayetembea gizani ndani ya nyumba yake. Kutoka kwa Monk alijifunza kwamba nota isiyopigwa nayo ni sehemu ya wimbo, na kwamba vidole vinaweza kuipiga piano kama ngoma. Kutoka kwa Ellington alichukua uzito wa chini kabisa wa kinanda, zile nota nzito za mkono wa kushoto zinazosikika kama kengele kubwa iliyogongwa mbali. Mwaka 1965 alipiga kwenye tamasha la jazi la Newport huko Marekani, na mwaka 1966 Ellington aliposhindwa kufika katika baadhi ya maonyesho, aliyekalia kiti chake mbele ya okestra yake alikuwa ni huyu Brand. Mtu aliyekalia kiti hicho hakosi kodi ya tano.

Kwa hiyo aliamua. Na mahali alipoamulia ndipo panapoeleza uamuzi.

Tarehe 11 Februari 1966 serikali ya makaburu ilitangaza kwamba mtaa wa District Six, katikati ya Cape Town, sasa ni wa Wazungu tu. Ulikuwa mtaa wa watu mchanganyiko, wa makanisa na misikiti iliyotazamana, wa bendi na ngoma za Mwaka Mpya. Katika miaka iliyofuata watu wapatao 60,000 walihamishwa kwa nguvu, nyumba zikabomolewa kwa matingatinga, na wakazi wakatupwa kwenye nyanda za mchanga nje ya mji, kila kundi la rangi na kitongoji chake. Kimojawapo cha vitongoji hivyo, kilichojengwa kwa ajili ya watu ambao vitabu vya serikali viliwaita machotara, ni Manenberg. Baada ya "Ma", wimbo unaandikwa kwa n mbili zinazofuatana, kitongoji kwa moja.

Juni 1974, Ibrahim akiwa amerudi nyumbani, waliingia studio Cape Town. Aliyegharamia ni Rashid Vally, mwenye duka la santuri Johannesburg. Basil Coetzee alishika saksafoni ya tena, Robbie Jansen na Morris Goldberg saksafoni za alto, Paul Michaels besi, Monty Weber dramu. Mle studio palikuwa na piano ya wima ambayo nyundo zake zilikuwa na pini za chuma, na kila nota ilitoka na mlio mkavu wa kukwaruza, kama kinanda cha zamani cha nyumba ya pombe. Mpiga piano mwingine aliyetoka Newport angeomba piano nzuri. Ibrahim aliikalia hiyo hiyo. "Mannenberg" ulitungwa pale pale, bila karatasi, ukarekodiwa kwa mkupuo mmoja.

Umeusikia, kwa hiyo nitasema tu yale ambayo mpiga kinanda atayajali. Angalia kwamba hakuna anayekimbia. Mwendo ni wa mtu anayetoka kazini jioni, si wa mtu anayekwenda. Mzunguko wa kodi ni mfupi kiasi kwamba baada ya dakika mbili sikio linaacha kuusubiri. Unakuwa sakafu. Na juu ya sakafu isiyotikisika mtu anaweza kufanya jambo ambalo juu ya kodi zinazobadilika-badilika haliwezekani: anaweza kuongea. Coetzee haonyeshi ujuzi pale. Anasimulia. Anachukua kipande cha sauti, anakirudia, anakipinda kidogo, anakiacha, anapumua. Kama Ibrahim angeweka kodi za bibopu chini yake, Coetzee angelazimika kuzifukuza, na tungebaki kusifu mbio. Jiulize ni mara ngapi kwaya yako imemezwa na kinanda chako kwa sababu uliweka kodi za kupita, zile za kuunganisha kodi na kodi, ambazo hakuna aliyeziomba. Nakuuliza kwa upendo, maana mimi pia nimelifanya kosa hilo miaka mingi.

Karibu na mwisho utasikia sauti ya mtu akisema maneno machache kwa Kiafrikana cha mitaani. Ni Ibrahim mwenyewe, na maana yake ni kwamba wengine na waende New York, sisi tunabaki hapa Manenberg. Yeye aliyesema hivyo alikuwa ametoka New York.

Nikueleze na hili, kwa sababu ulitaka usizungushwe. Wasikilizaji wazee wa Afrika Kusini walisikia ndani ya "Mannenberg" mwangwi wa wimbo wa zamani zaidi, "Jackpot" wa mpiga saksafoni Zacks Nkosi. Wako sahihi. Katika mapokeo ya marabi vipande vya sauti vilipita mkono hadi mkono bila hati ya umiliki, na sioni kwamba hilo linaondoa kitu kwa Ibrahim, lakini jina la Nkosi linastahili kutajwa kila tunapousifu wimbo huu. Vivyo hivyo Coetzee. Watu walimpa "Manenberg" kuwa jina lake la utani, na kwa maoni yangu walikuwa wanasema bila kumung'unya kwamba nusu ya wimbo ni yake.

Santuri iliuzwa kwa maelfu. Kisha ikatokea jambo ambalo hakuna anayeweza kulipanga. Ukiacha maneno yale machache ya mwisho, wimbo hauna mashairi, kwa hiyo mkaguzi wa serikali hakuwa na la kufuta. Na kwa kuwa ni kodi nne, yeyote mwenye gitaa, saksafoni au kinanda cha shule aliweza kuupiga siku hiyo hiyo. Baada ya Juni 1976, watoto wa Soweto walipopigwa risasi, Ibrahim alitoka tena nchini na kujitangaza waziwazi upande wa ANC. Wimbo haukutoka naye. Coetzee na Jansen waliupiga kwenye mikutano ya hadhara ya upinzani miaka ya 1980, baada ya UDF, muungano wa vikundi vilivyopinga ubaguzi, kuzinduliwa Cape Town mwaka 1983, na watu walikuja kuuita wimbo wa taifa usio rasmi. Ibrahim amesimulia kwamba ulipenyezwa hata ndani ya gereza la Robben Island na Mandela akausikia. Ibrahim alirudi nyumbani mwaka 1990, na Mandela alipoapishwa kuwa rais tarehe 10 Mei 1994, alikuwa miongoni mwa waliopiga siku ile.

Usidhani alisimama hapo. Akiwa uhamishoni New York aliunda mwaka 1983 bendi ya watu saba akaiita Ekaya, yaani nyumbani, na sikio la Mswahili halihitaji mkalimani kwa neno hilo, maana kaya ni kaya. Kazi yao ya mwaka 1985, "Water from an Ancient Well", ndiyo ambayo mimi humpa mtu anayetaka kuanza. Ndani yake kuna "The Wedding", ambapo saksafoni ya Carlos Ward inaimba sauti moja ndefu kama pambio, na piano chini yake inafanya kazi ile ile unayoifanya wewe Jumapili: kushika kodi na kungoja. Aliandika pia muziki wa filamu ya "Chocolat" ya Claire Denis, ya mwaka 1988.

Akiwa peke yake jukwaani alikuwa na desturi ya kutosimama kati ya wimbo na wimbo. Anaanza, na saa nzima inapita bila kupumzika, wimbo mmoja ukimezwa na mwingine, wa zamani ukirudi kwa nusu dakika kisha ukaondoka. Ushahidi wa mapema ni rekodi ya "African Piano", iliyofanyika mbele ya wasikilizaji Copenhagen mwaka 1969. Inafunguliwa na "Bra Joe from Kilimanjaro": mkono wa kushoto unashika kipande kifupi cha besi na kukirudia bila kuchoka, na wa kulia unafanya utakacho. Rekodi zake za uzeeni, kama "Solotude" ya mwaka 2021 na "3" ya mwaka 2024 iliyotoka akielekea miaka 90, zimepungua nota kiasi kwamba unasikia chumba chenyewe. Wengine huona ni uchovu wa umri. Mimi nasikia mtu anayeendelea na kazi ile ile ya 1974, ya kupunguza hadi kibaki kile tu kinachobeba.

Warithi wake ni wengi na hawafanani naye, nami nalihesabu hilo kuwa dalili nzuri. Moses Taiwa Molelekwa, aliyefariki kijana mwaka 2001, aliichanganya piano ya namna hii na midundo ya kizazi chake. Kyle Shepherd wa Cape Town amezichukua sauti za Rasi moja kwa moja, na Nduduzo Makhathini ameufikisha mzunguko wa kodi chache kwenye ibada za Kizulu na kwenye lebo ya jazi ya Marekani, Blue Note. Hata binti wa Ibrahim na Sathima, Jean Grae, alishika njia yake mwenyewe kama rapa. Marekani ilimpa Ibrahim NEA Jazz Master, heshima yake kuu kwa wanajazi, mwaka 2019, na nchi yake ilikuwa imempa nishani ya Ikhamanga miaka kumi kabla.

Nikupe kazi ya kufanya, maana wewe ni mpigaji na maneno yangu hayatakusaidia kama vidole vyako. Jioni moja ukiwa peke yako kwenye kinanda, chagua ufunguo unaoupenda, shika kodi zile nne na uzungushe kwa dakika kumi kamili ukitazama saa. Usiongeze kodi. Karibu na dakika ya nne utachoka na mkono utaomba kodi ya kupita, mnyime. Badilisha uzito, badilisha nani anasikika zaidi kati ya besi na sauti ya juu, acha mzunguko mmoja mzima upite ukiwa umeshika nota moja tu. Kisha sikiliza "Bra Joe from Kilimanjaro", kisha ile "Brilliant Corners" ya Paris ili mashaka yako yatulie, na mwisho "Mannenberg". Safari hii usihesabu kodi. Ifuate besi ya Paul Michaels peke yake, tangu inapoingia hadi Ibrahim anapoanza kusema.